Vyuma Vilivyoishia Kwenye Mbao

Patasi inayopendwa na mwenyewe haidumu. Hunolewa asubuhi, ikanolewa tena mchana, na kila inapopita juu ya kinoo hupungua kidogo, mpaka kinabaki kipande kifupi kisichofaa tena kushikwa. Ndiyo maana Japani yamebaki mahekalu ya mbao yenye umri wa miaka zaidi ya elfu, lakini zana zilizoyachonga zimekwisha. Kampuni ya ujenzi ya Takenaka, iliyoanzishwa Nagoya mwaka 1610, iliona kwamba hata zana za karne iliyopita zilikuwa njiani kupotea vivyo hivyo, na mwaka 1984 ikafungua mjini Kobe makumbusho ya zana za useremala. Leo yamehifadhi vitu zaidi ya 30,000, katika jengo jirani na stesheni ya Shin-Kobe, na sehemu yake kubwa imezama chini ya ardhi.

Humo ndani kuna ukuta uliopangwa zana zote za seremala mmoja. Uchunguzi uliofanywa Tokyo mwaka 1943 ulionyesha kwamba fundi wa kujenga nyumba nzuri kwa mikono alihitaji zana 179, na idadi ya chini kabisa ilikuwa 72. Zilizotundikwa ni zile 179. Kwanza macho hudhani ni marudio: patasi juu ya patasi, randa juu ya randa. Ukikaribia unagundua kwamba hakuna pacha. Hii ni ya kuchimba tundu la kina, inapigwa nyundo, kwa hiyo mpini wake umevishwa pete ya chuma usipasuke. Ile ni ya kusafisha tundu hilohilo, haipigwi kabisa, inasukumwa kwa kiganja, na shingo yake ni ndefu na nyembamba. Seremala aliyekuwa na zote mbili hakuwa na anasa. Alikataa tu kuitesa moja kwa kazi ya mwenzake.

Randa ndiyo iliyonishika zaidi. Ni gogo la mwaloni lisilo na mshikio wala skrubu, na kisu chake kimekazwa kwa kubana tu ndani ya mbao. Fundi hukirekebisha kwa kugonga kisu au gogo kwa nyundo ndogo huku akisikiliza. Maseremala wetu wa pwani huisukuma randa. Mjapani huivuta kuelekea kwake, kama anavyouvuta pia msumeno, na msumeno unaokata ukivutwa hauna haja ya kuwa mnene, kwa sababu bamba lililovutwa halipindi. Kisu chenyewe ni vyuma viwili vilivyounganishwa motoni: tabaka jembamba la chuma cha pua, gumu, linalobeba makali, na mgongo wa chuma laini unaolizuia lisivunjike na kukirahisishia kinoo kazi. Mpaka kati ya vyuma hivyo unaonekana wazi pale kwenye mteremko wa makali, mstari mmoja, upande mmoja unang'aa na mwingine umefifia. Mhunzi Chiyozuru Korehide, aliyeishi kuanzia 1874 hadi 1957, alitengeneza visu vya namna hii vinavyoheshimiwa hadi leo, na makumbusho yameviweka mahali vinapostahili. Mikononi mwa bingwa, randa ya namna hiyo hutoa maranda membamba chini ya sehemu moja ya elfu ya sentimita. Uso wa ubao unaobaki hauhitaji msasa wala vanishi.

Lakini kabla ya randa ya gogo kulikuwa na nyingine, na habari yake ndiyo iliyonifanya niuone ufundi huu kwa macho mengine. Hiyo huitwa yariganna: makali mawili yenye umbo la jani la mwanzi, yamepinda kidogo, juu ya mpini mrefu mfano wa mkuki. Randa ya gogo ilipoenea, yapata karne ya 16, yariganna iliachwa, na hatimaye hakukuwa na fundi aliyejua kuitumia. Ukarabati mkubwa wa hekalu la Horyu-ji ulianza mwaka 1934. Hekalu hilo lina majengo ya mbao ya kale kuliko yote yaliyosalia duniani. Nishioka Tsunekazu alikuwa wa ukoo wa maseremala wa hapo. Babu yake alimpeleka kwanza shule ya kilimo, aujue udongo kabla ya kuujua mti. Nishioka alipozichunguza nguzo kuukuu za hekalu aliona mawimbi madogo yenye umbo la kijiko, nyayo za chombo ambacho mikono ya watu ilikuwa imekisahau. Akafuliwa yariganna, akajaribu pembe hii na ile, akalinganisha, mpaka nyayo zake zikafanana na zile za kale.

Sijui heshima kubwa kuliko hiyo kwa fundi. Aliyezilainisha nguzo hizo kwa yariganna hatujui jina lake, chuma chake kiliishia kwenye kinoo miaka zaidi ya elfu na mia mbili iliyopita, na bado mkono wake ulimfundisha mwingine kupitia mbao ya hinoki, mti wa nguzo zile. Nishioka alitumia elimu hiyo kujenga upya jumba kuu na mnara wa magharibi wa hekalu la Yakushi-ji. Leo kuna maseremala wa mahekalu wanaoishika yariganna bila kusita.

Kazi ya maseremala hao ina tarehe zake. Madhabahu ya mbao ya Ise, hukohuko Japani, hujengwa upya kila baada ya miaka 20. Mara ya mwisho ilikuwa 2013, na ijayo ni 2033. Vijana waliobeba mbao mara iliyopita watakuwa mafundi safari hii, na wahunzi wanahitajika tayari, kwa kuwa patasi nyingi za 2013 zimeshakuwa fupi.