Kisiwa Kilicholindwa Bila Longech

Kosa la Kisiwa cha Kati halikuanza mwaka 2018, UNESCO ilipoingiza mbuga za Ziwa Turkana kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Lilifanyika miaka ya 1980, serikali ya Kenya ilipokitangaza kisiwa hicho mbuga ya kitaifa kwa mtindo uleule wa mbuga za nyikani: askari ndani, mwenyeji nje. Ulikuwa uamuzi mbovu hata kwa kipimo cha sayansi. Mamba hutaga kisiwani, kwenye maziwa ya kreta, lakini tilapia wa ziwa hili huzaliana na kukulia zaidi katika maji ya kina kifupi ya Ghuba ya Ferguson, mlangoni pa kijiji cha wavuvi cha Longech. Ukilinda kiota ukaacha mazalio ya samaki, umelinda nusu tu ya uhai wa ziwa. Na ghubani mwenye kauli ni mwenye wavu. Ndiye huyo ambaye mbuga haikumwachia nafasi yoyote isipokuwa ya mkosaji. Kosa hilo ni ndugu wa lile la kiwanda cha samaki cha Kalokol: Wanorwei walijenga majokofu yanayotegemea ghuba, ghuba ikakauka miaka hiyohiyo ya 1980, kana kwamba kupanda na kushuka kwa ziwa hili kulikuwa siri kwa Waturkana.

Watetezi wa mbuga husema adui ni bwawa la Gibe III la Ethiopia, si mipaka ya mbuga. Kweli, Mto Omo huleta takriban asilimia 90 ya maji ya ziwa, na bwawa hilo lililojengwa juu yake lilizinduliwa mwaka 2016. Lakini waliolipigia kelele mapema ni Friends of Lake Turkana, wenyeji walioongozwa na Ikal Angelei. Mbuga yenyewe haikuwa imejenga jeshi la namna hiyo. Wengine huhofia kwamba mvuvi akikaribishwa atamaliza kila kitu. Kisiwa cha Misali, Pemba, kinawajibu tangu 1998: eneo la kiini likafungwa, maji mengine yakabaki ya wavuvi, nao wakaingia katika usimamizi. Hivyo ndivyo kisiwa kinavyolindwa.

Kanuni za Kenya za 2007 zilizovipa nguvu ya kisheria vikundi vya wavuvi vya usimamizi wa fukwe (BMU) zilikuwa kazi nzuri. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 nayo inadai wananchi washirikishwe katika mpango wa kila mbuga. Basi BMU ya Longech ichague sehemu za mazalio za kufungwa ghubani, na viota vya mamba vihesabiwe na wavuvi na askari wa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) wakiwa katika mashua moja.