Saa ya Kifo: Kutafuta Kinachoua Samaki Tangini

Samaki wa tangini wakifa bila kidonda, bila madoa meupe na bila kukonda, cha kushukiwa kwanza ni maji. Ugonjwa kwa kawaida huanza na mmoja, ukaenda kwa mwingine. Maji yaliyoharibika huwakumba wote kwa mkupuo, na saa walipokufa hueleza mengi kuliko mizoga yenyewe.

Vifo vya saa chache baada ya kubadilisha maji mara nyingi ni vya klorini. Maji ya bomba ya jiji la Tanga hutoka Mto Zigi, kwenye Bwawa la Mabayani, na husafishwa kwa dawa kabla ya kufika majumbani. Kiasi cha klorini kisichomdhuru mnywaji huunguza mashavu ya samaki. Maji yakikaa saa 24 kwenye ndoo iliyo wazi na kukorogwa mara kwa mara, klorini hutoka.

Vifo vya alfajiri vina chanzo kingine. Maji ya nyuzi 20 hushika takribani miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 30 hushika 7.5 tu, na msimu wa kaskazi chumba cha pwani hufikia joto hilo bila taabu. Usiku mimea ya tangini nayo huvuta oksijeni. Umeme ukikatika na pampu ya hewa ikasimama, samaki hupanda juu wakitweta, na wakubwa hutangulia kufa. 

Pampu ikifanya kazi, huweza nayo kuleta sumu. Dawa za mbu za kupuliza, nyingi zikiwa za jamii ya pareto, ni kali mno kwa samaki hata kwa kiasi kidogo. Chumba kikipulizwa jioni, pampu huvuta hewa hiyo na kuisukuma moja kwa moja majini. Tangi lifunikwe na pampu izimwe hadi chumba kipate hewa safi.

Kisa kigumu zaidi ni cha tangi lililokaa salama miezi kadhaa, kisha likaanza kuua. Hapo swali ni moja: ni kitu gani kipya kimeingia? Katika nyumba za pwani jibu mara nyingi ni makombe na vipande vya matumbawe vilivyookotwa ufukweni kwa ajili ya urembo. Vyote ni chokaa, na chokaa hupandisha pH. Kinyesi na chakula kilichobaki hutoa amonia, ambayo majini huwa na sura mbili: moja ina madhara madogo, nyingine hupenya mashavuni na kuua. Kwenye nyuzi 28, maji ya pH 7 huwa na asilimia 0.7 tu ya amonia katika sura ya kuua; pH ikifika 8, sehemu hiyo hupanda hadi asilimia 6.5. Amonia haijaongezeka hata tone, lakini ukali wake umekuwa karibu mara tisa. Maji ya visima vilivyochimbwa kwenye miamba ya chokaa huweza kuleta balaa hilohilo.

Tangi jipya nalo lina hatari yake. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, huhitaji kama wiki nne hadi sita kuzaliana vya kutosha. Katikati ya kipindi hicho nitriti hupanda, damu hugeuka kahawia na kushindwa kubeba oksijeni. Mashavu ya kahawia badala ya mekundu ni ushahidi tosha. Kuosha chujio kwa maji ya bomba huwaua bakteria hao na kulirudisha tangi mwanzo. Chujio lisuuzwe kwa maji ya tangi lenyewe.

Kosa kubwa kuliko yote ni kumwaga dawa za magonjwa kwa kubahatisha, kisha kumwaga maji yote. Kabla ya kufanya lolote, chupa moja safi ijazwe maji ya tangi na saa ya kifo iandikwe, maana bila maji hayo hakuna kitakachopimwa.