Kilowati 19, mstari uliochorwa pabaya

Ukikuta kijiko kidogo cha tani tatu na nusu kinachimba mtaro wa bomba au msingi wa darasa Nyakasimbi, Karagwe, usianze na rangi yake wala saa zilizoandikwa kwenye mita. Inama usome kibati cha injini. Kwa mashine za miaka ya karibuni, mara nyingi utakuta kilowati 18 na kitu, huku kaka zake wa zamani wa uzito huohuo wakiwa na nguvu zaidi. Watengenezaji hawakuishiwa chuma. Walikuwa wanakimbia namba moja, nayo ni 19.

Namba hiyo imo katika Kanuni ya Umoja wa Ulaya 2016/1628, iliyopitishwa Septemba 14, 2016, ile tunayoiita Stage V. Injini mpya ya dizeli yenye kilowati 19 hadi 56, iliyoingia sokoni kuanzia Januari 2019, hairuhusiwi kutoa zaidi ya gramu 0.015 za masizi kwa kila kilowati-saa. Juu ya uzito kuna hesabu ya chembe zenyewe, zisizidi trilioni moja kwa kilowati-saa, na kiwango hicho hukifikii bila chujio la masizi, DPF. Shuka sasa chini ya 19. Kikomo kinaruka hadi gramu 0.4, na chembe hazihesabiwi kabisa. Kwa injini ndogo kuliko zote, zile za chini ya kilowati 8 zinazopozwa kwa hewa na kuwashwa kwa mkono, wameongeza hadi 0.6.

Piga hesabu mwenyewe. Injini ya kilowati 19.5 ikifanya kazi kwa nguvu zake zote saa nzima inaruhusiwa masizi ya gramu 0.29. Ya kilowati 18.5 inaruhusiwa gramu 7.4. Umepunguza kilowati moja ukapewa ruhusa ya kuchafua mara 25. Mhandisi gani wa kiwanda, mwenye bosi anayemuuliza bei kila asubuhi, angeacha kushusha kidogo reki ya pampu ya mafuta ili aandike 18.5?

Ndiyo maana nasema uamuzi wa kuchora mstari kwenye 19 ulikuwa kosa la wazi, na ni kosa la uchoraji kuliko la nia. Nia ilikuwa njema, kwa sababu Stage V ilipokuja Ulaya haikuwa na kikomo chochote kwa dizeli za chini ya 19, na Marekani ilikuwa imeweka hiyo 0.4 tangu 2008. Hoja ya kuwatetea walioandika kanuni naifahamu. Chujio linahitaji joto. Ili masizi yaliyonasa yaungue, moshi wa ekzosi hupandishwa hadi nyuzi 550 au 600, na injini ndogo inayofanya kazi kwa kusitasita, dakika kumi inachimba na ishirini inanguruma bure, haifiki huko bila msaada wa kompyuta na mafuta ya ziada. Ongeza bei ya mfumo mzima kwenye injini ambayo yenyewe ni ya bei ndogo. Sawa. Hoja hiyo inaeleza kwa nini kikomo cha injini ndogo kilegee. Haielezi kwa nini kianguke kama ukuta kati ya 18.9 na 19.

Na jibu walikuwa nalo nyumbani kwao. Chukua Agizo la Ulaya 2000/14/EC, lile la kelele za mitambo ya nje. Kwa vijiko, tangu Januari 2006, mashine ya hadi kilowati 15 haizidi desibeli 93 za nguvu ya sauti. Zaidi ya hapo kikomo kinafuata fomula, 80 jumlisha mara 11 ya logi ya kilowati. Weka 15 kwenye fomula upate 92.9. Weka 18.5 upate 93.9. Weka 19.5 upate 94.2. Hakuna ngazi ya kurukia wala faida ya kujificha upande wa pili. Waliochora mstari huo walijua kazi yao. Kibandiko cha LWA, yaani nguvu ya sauti, pembeni mwa kijiko kimetokana nao, na ni kazi safi, ingawa mikisa ya zege waliiachia kubandika namba tu bila kikomo. Nasikitika kila ninaposikia mikisa ikiunguruma.

Masizi nayo yangeweza kuchorewa mteremko kama huo, kikomo kikikaza taratibu kadiri nguvu inavyopanda kutoka kilowati 8 hadi 19. Asiseme mtu haiwezekani. Kubota, watengenezaji wa injini, wenyewe walitoa D902-K, injini ya sentimita za ujazo 898 tu, chini ya kilowati 19, yenye unyunyizaji mafuta wa komoni reli na udhibiti wa elektroniki, wakijivunia kuwa haitoi moshi mweusi. Hakuna kikomo kilichowalazimisha kufika huko. Kingekuwepo, wengine wangefuata badala ya kuendelea na pampu za kimakanika.

Hapa kwetu Tanzania tulishalisoma somo hili. Mafuta ya taa yalipokuwa na ushuru mdogo kuliko dizeli, uchakachuaji wa kuchanganya hayo mawili ulitapakaa. EWURA, wadhibiti wa nishati, walileta vinasaba vya kutia alama mafuta mwaka 2010, na vilisaidia kukamata. Lakini kilichovunja mgongo wa biashara ile ni uamuzi wa bajeti ya 2011 wa kupandisha ushuru wa mafuta ya taa ili pengo la bei lifungwe. Uamuzi ule uliwaumiza waliokuwa wakiwasha koroboi, na hilo halipaswi kusahauliwa. Kiufundi, hata hivyo, uligusa mzizi, kwamba pengo likiwepo litatumiwa. Dodoma ya 2011 iliona kile ambacho Brussels ya 2016 haikukiona.

Mtu wa Nyakasimbi anahusika vipi na sheria ya Ulaya? Anahusika kwa pua yake. Kiwanda hakitengenezi injini ya Kagera peke yake. Mara nyingi kinatengeneza familia moja ya injini, na kikomo cha soko kubwa ndicho kinachoamua muundo wake. Kijiko hicho baada ya miaka yake kinauzwa mtumba, kinashuka bandarini, kinapanda lori hadi mjini Kayanga. Na huku juu kinakutana na jambo ambalo kibati hakilitaji. Miinuko ya Karagwe inapita mita 1,500, na hewa ya huko ni nyepesi kwa takribani asilimia 15 kuliko ya ufukweni. Injini isiyo na turbo inavuta hewa pungufu, huku pampu ya kimakanika ikiendelea kumwaga mafuta yaleyale iliyopimiwa kiwandani. Mafuta yasiyopata hewa yanatoka meusi. Gramu 0.4 ya maabara haipo tena hapo. Ipo kubwa zaidi, inayomfuata kibarua aliyesimama ndani ya mtaro, ambako moshi hauna pa kwenda. Tangu Juni 2012, shirika la utafiti wa saratani la WHO linauweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza, la vitu vinavyosababisha saratani bila shaka.

Hapo ndipo nawakumbuka wazee wetu, injini za Lister. CS 6/1 ya Dursley, Uingereza, iliyotengenezwa hadi 1987 na kunakiliwa Rajkot, India, ilitoa nguvu farasi 6 kwa mizunguko 650 kwa dakika. Mzunguko mmoja ulichukua milisekunde 92. Injini ndogo ya leo inayokwenda mizunguko 2,400 ina milisekunde 25. Tone la mafuta ndani ya Lister lilikuwa na muda karibu mara nne wa kutafuta hewa yake na kuungua. Ilikuwa nzito, na ukiizidishia mzigo ilitoa moshi kama nyingine yoyote. Lakini ilidunda kwa sauti nzito ya polepole ambayo mtu aliweza kuzungumza pembeni yake. S195 ya Kichina iliyochukua nafasi yake, farasi 12 kwa mizunguko 2,000, inakulazimisha kupiga kelele.

Na kelele hiyo tunaizidisha kwa mikono yetu. Kijiko cha desibeli 93 chenye sailensa yake kinafika darasani, mita 10 kutoka kilipo, kikiwa karibu desibeli 65. Mwalimu bado anasikika akipaza sauti. Ukikata sailensa kwa imani kwamba injini itapata nguvu, kibandiko kimekuwa uongo na kipindi kimekwisha. Kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zimetenganisha makazi na viwanda, mchana na usiku, na zinamhusu mkandarasi wa darasa moja sawasawa na mwenye mgodi.

Na kama kuna anayelaumu mafuta kwa moshi huo, yetu yamekuwa bora tangu Januari 2015, Afrika Mashariki iliposhusha salfa ya dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Hiyo ilikuwa kazi nzuri.

Kwa mwenye kijiko Karagwe, mpelekee fundi pampu apunguze mafuta kulingana na mwinuko kabla hujalaumu nozo, na sailensa uiache ilivyo. Kwa wanaoandaa viwango vya mitambo midogo katika Shirika la Viwango (TBS) na Jumuiya ya Afrika Mashariki, chukueni mteremko wa 2000/14/EC muufanye wa masizi, na msiinakili namba 19.