Roketi isiyoweza kuanguka

Bandugu, Jumamosi hapa Kadutu nilijenga na batoto ba dada yangu roketi ya kartoni, ile wanauzisha katika boksi. Ni nzuri, rangi safi, lakini mabawa yamekwisha kugandishwa kiwandani. Mtoto hawezi kuyakosea. Sasa atajifunza nini? Mabawa ndiyo yanazuia roketi isipinduke!

Nikawaelezea Troposphère V ya Jean-Patrice Keka: mwaka 2009, kule Menkao upande wa Kinshasa, ilibeba panya, ikapinda njia, ikaanguka. Maswali yakaanza hapo. «Panya alikufa? Juu ya nini ilipinda?» Mdogo akabandua bawa moja, akaligandisha mshazari. Tukairusha na mkono. Ikazunguka, ikaangukia kwenye mafiga ya jirani.

Kesho wanataka kubandua la pili.