Kitambaa Kinachochaguliwa Kikiwa Bado Mti

Mnunuzi wa hariri ya kutarizi kwa mkono humaliza ukaguzi wake dukani. Huisugua kwa vidole, huinua kwenye mwanga aone kama nyuzi zimekaribiana, kisha huivuta kwa mshazari ajue kama itajikunja chini ya sindano. Katika msitu wa Kongo unaotoka Bafwasende kuelekea Ituri, ukaguzi huo hufanyika kitambaa kikiwa bado kimesimama na majani yake.

Nazungumzia murumba, kitambaa cha magome cha Wambuti, wawindaji wa msitu huo, na majirani zao. Hutokana na ganda la ndani la miti kadhaa, mingi ikiwa ya jamii ya mkuyu. Uganda, mutuba, mti wa kitambaa cha magome cha huko, hupandwa shambani. Ukishabanduliwa, shina hufungwa majani ya mgomba ili ganda liote upya, na fundi huuzoea mti wake miaka nenda rudi. Msituni hakuna mazoea hayo: mti lazima utafutwe. Wanaume ndio wachaguzi, na sijui muuza vitambaa atakayewashinda kwa jicho. Wanataka shina lililonyooka, lisilo na matawi chini, kwa kuwa penye kifundo cha tawi patabaki tundu. Kuna miti inayotoa kitambaa cheupe na mingine hudhurungi, na hapo tayari nusu ya mchoro imeamuliwa.

Ganda hukwanguliwa, huloweshwa, halafu hulazwa juu ya gogo na kupigwa. Nyundo za zamani zilikuwa za pembe ya ndovu au mti mgumu, uso wake ukiwa umechongwa mifereji inayokatana. Hapa ndipo napenda kukaa. Gome halikufumwa, nyuzi zake hupanda upande mmoja tu, kutoka mizizini kwenda juu. Kazi ya nyundo ni kuzitawanya ubavuni bila kuziachanisha, mpaka ukanda mwembamba uwe mpana mara kadhaa. Mwenye pupa hupiga katikati kupita kiasi akasahau kingo, na kitambaa chake huchanikia hapohapo. Mtoto anapozaliwa hutengenezewa kilicho laini, na sioni mtihani mkali kuliko ngozi ya kichanga.

Uchoraji ni wa wanawake. Maji ya tunda la gardenia huchanganywa na makaa yaliyosagwa, yakatoa wino mweusi wa kuelekea buluu, unaopakwa kwa kijiti au ncha ya kidole. Mistari huenda sambamba, ghafla hukatika. Nukta hujazana kona moja na kona ya pili ikaachwa tupu. Robert Farris Thompson na Georges Meurant waliitolea michoro hii kitabu kizima mwaka 1995. Mimi huvutwa na jambo dogo zaidi: gome lililopigwa sawasawa hushika mstari ukabaki mwembamba, lililolegea huunywa wino na mstari ukavimba.

Siku hizi pamba ndiyo inayovaliwa kando ya barabara ya Kisangani, na vipande vingi vya murumba viko kwenye makumbusho na kwa wakusanyaji wa Ulaya. Atakayeuziwa kimoja asianze na mchoro. Akigeuze, apapase alama za nyundo kutoka ukingo hadi ukingo, halafu akiinue kwenye mwanga kama hariri. Penye madoa angavu, nyuzi zimepigwa zikachoka, na bei ishuke.