Mto Ngono: Jina Halitafsiriwi

Miongoni mwa matatizo yanayowakabili watafsiri na waandishi wa vitabu vya jiografia ni majina ya mahali yanayogongana na maneno ya Kiswahili yenye maana nyingine. Mfano ulio wazi ni Mto Ngono, mkoani Kagera.

Mto huu ni mdogo, lakini mwendo wake una funzo. Hauendi mashariki moja kwa moja kuingia Ziwa Victoria lililo karibu. Safu za vilima zinazoambaa na ziwa huuzuia, nao hutiririka kuelekea kaskazini hadi uungane na Mto Kagera. Hivyo maji yake hufika ziwani kwa kuzunguka. Mwalimu hawezi kulieleza jambo hili pasipo kuutaja mto kwa jina lake.

Mwandishi anayelikwepa jina hilo kwa kuona haya, au kulifungia alama za kunukuu, hukosea. Neno ngono la Kiswahili lilitumika pia kwa zamu ya mume kulala kwa kila mkewe, na katika lugha kadhaa za kusini mwa Tanzania kugona ni kulala tu. Jina la mto ni la Wahaya, na kufanana kwa sauti si ushahidi wa asili moja. Tena sarufi yenyewe huondoa utata: tuandike Mto Ngono, kwa herufi kubwa, kamwe si "mto wa ngono". Kiunganishi wa ndicho kinachozaa kicheko.

Yapo majina ambayo Kiswahili kimeyabadili: Buganda ilizaa Uganda, na Buhaya ikawa Uhaya. Lakini Bukoba na Buganguzi zimebaki na Bu- yake, wala hakuna aandikaye "Uganguzi". Kinachoamua, basi, ni mazoea yaliyokwisha kukomaa, si matakwa ya karani.

Historia inatuunga mkono. Mwaka 1876 Stanley aliuita Mto Kagera Nile ya Alexandra. Jina hilo limekufa. La wenyeji likaishi, na mwaka 1979 Mkoa wa Ziwa Magharibi ukaitwa Kagera.

Kwa hiyo twashauri kwamba katika ramani, vitabu na barua za serikali jina Ngono liandikwe kama wenyeji walitajavyo. Mwanafunzi akicheka, afundishwe tofauti ya jina na neno. Hilo nalo ni somo la lugha.