Uhuru wa Nchi na Uhuru wa Mtu: Uhakiki wa Tamko na Katiba ya Jamhuri ya Texas, 1836

Sehemu hii inahakiki matini mbili zilizoasisi Jamhuri ya Texas: Tamko la Uhuru, lililopitishwa tarehe 2 Machi 1836, na Katiba, iliyokamilishwa takribani wiki mbili baadaye. Zote zilitungwa na mkutano mmoja wa wajumbe katika kijiji cha Washington, kando ya mto Brazos. Ni rahisi kulisoma Tamko kama maelezo ya sababu za mapambano, na Katiba kama mpango wa utawala tu. Hoja ya sehemu hii ni kwamba usomaji wa namna hiyo unaficha jambo la msingi: lile ambalo Tamko linalinyamazia, Katiba inalitamka waziwazi.

Tamko linaorodhesha malalamiko dhidi ya serikali ya Meksiko: kuvunjwa kwa mfumo wa shirikisho uliowekwa na Katiba ya 1824, ubabe wa kijeshi, kukosekana kwa elimu ya umma, na kunyimwa haki ya kuhukumiwa mbele ya jopo la raia. Malalamiko haya hayakuwa ya kubuni yote. Mwaka 1835 Santa Anna aliuvunja mfumo wa shirikisho, na jimbo la Zacatecas, lililompinga, lilitiishwa kwa nguvu za kijeshi. Kwa hiyo, dai kwamba utumwa ndio uliokuwa sababu pekee ya uasi wa Texas halina mashiko ya kutosha.

Hata hivyo, Tamko halina lalamiko hata moja linalohusu utumwa wa Waafrika, ilhali suala hilo lilikuwa limewagombanisha walowezi na serikali kwa miaka kadhaa. Mwaka 1829 Rais Vicente Guerrero alitoa amri ya kukomesha utumwa. Texas ilisamehewa mwaka huohuo, lakini msamaha uliotolewa kwa amri ungeweza kuondolewa kwa amri.

Katiba ndiyo inayoziba pengo hilo. Kifungu cha 9 cha Masharti yake ya Jumla kinalikataza Bunge kuwazuia wahamiaji kuingia na watumwa wao, na kinalinyima mamlaka ya kuwakomboa watumwa. Mmiliki naye hana ruhusa ya kumwacha huru mtumwa wake bila idhini ya Bunge, isipokuwa ampeleke nje ya jamhuri. Zaidi ya hayo, mtu huru mwenye asili ya Afrika hawezi kuishi nchini daima bila idhini hiyohiyo. Kifungu cha 10 kinawatenga Waafrika, vizazi vyao, na Wahindi Wekundu katika uraia.

Yawezekana kujibiwa kwamba wajumbe waliiga tu sheria za majimbo ya kusini mwa Marekani, walikotoka wengi wao. Jibu hilo linaeleza chanzo cha vifungu, lakini halielezi uzito wake. Bunge lililoundwa ili watu wajitawale lilifungwa mikono mapema katika jambo moja: lisije likawafanya watu wengine kuwa huru.

Hapa tafsiri ya Kiswahili inaibua swali la kihakiki. Neno "uhuru" hubeba maana mbili: hali ya nchi kutotawaliwa na nyingine, na hali ya mtu kutokuwa mtumwa. Mfasiri angeweza kuukwepa mgongano huu kwa kuandika "Tamko la Kujitawala". Tasnifu hii haikuchagua njia hiyo, kwa kuwa Tamko lenyewe haliishii kwenye kujitawala. Linaitangaza jamhuri kuwa huru pia. Kulipima kwa neno "uhuru" si kulionea.

Gharama ya mgongano huo inaonekana katika maisha ya Samuel McCulloch, mtu huru mwenye asili ya Afrika, aliyejeruhiwa akipigana upande wa Texas huko Goliad mnamo Oktoba 1835. Baada ya ushindi, ilimbidi aliombe Bunge haki ya kubaki katika nchi aliyoimwagia damu. Sheria ya Februari 1840 iliwataka watu huru Weusi wawe wameondoka ifikapo tarehe 1 Januari 1842, la sivyo wauzwe utumwani. McCulloch aliruhusiwa kubaki, lakini kwa hisani ya Bunge, wala si kwa haki ya uraia.

Kwa msingi huo, Tamko na Katiba zinapaswa kusomwa kama matini moja yenye sauti mbili: ya kwanza ikiuhutubia ulimwengu, ya pili ikiwahakikishia wamiliki. Texas ilipojiunga na Marekani mwishoni mwa 1845, jamhuri ilikoma, lakini sauti ya pili haikunyamaza. Sensa ya 1850 ilihesabu humo watumwa zaidi ya 58,000.